Mrithi huandaliwa, hazomewi

Kuna watu wanaoshikilia kwamba mabishano ya mashabiki wa michezo ni kelele tupu za watu waliokosa shughuli. Mimi nilikuwa mmoja wao. Katika miaka mingi niliyokaa katika chumba cha walimu niliwasikia wenzangu kila Jumatatu wakizozana kuhusu kipa wa Gor Mahia au mshambulizi wa AFC Leopards, nami nikajitia kusahihisha madaftari. Leo nimebadili nia. Nimekuja kuamini kwamba anayetaka kujua jinsi jamii inavyomheshimu mzee na jinsi inavyompokea kijana hana haja ya kwenda bungeni wala mahakamani. Na awasikilize mashabiki wanapojadili nani acheze na nani akae benchi.

Waliponifunza hayo, sikuwa hapa nyumbani. Mwaka 2008 nilipata fursa ya kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, Marekani. Nilipowasili mwezi Agosti nilikuta jimbo zima limeshikwa na homa moja. Dukani, ndani ya basi na hata kwenye ngazi za kanisa, watu waliulizana swali lile lile: je, ilikuwa haki kwa timu ya Green Bay Packers kumwacha Brett Favre aende zake?

Msomaji asiyeijua kandanda ya Kimarekani huenda akaniuliza Favre ni nani hata jimbo zima likose usingizi. Naomba anivumilie nimweleze kidogo. Mchezo huo huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi kumi. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Karibu kila jaribio huanzia mikononi mwa mtu mmoja aitwaye kwotabeki. Huyo ndiye anayepokea mpira, anayekumbuka mpango uliopangwa na kocha, anayesoma jinsi adui alivyojipanga, na anayeamua kwa muda wa sekunde chache tu ampe nani mpira, huku majitu yenye uzito wa kilo mia na zaidi yakimjia mbio kumwangusha.

Katika soka yetu kocha anaweza kumwingiza kijana kwa dakika ishirini za mwisho ili aonje joto la uwanja. Kwotabeki hafanyiwi hivyo. Kiti ni kimoja. Mkubwa akiwa mzima, mdogo husimama ukingoni akiwa na kofia na karatasi, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mjadala kuhusu kwotabeki huwa mkali kuliko mwingine wowote. Humo hamna nafasi ya kugawana. Mmoja akiingia, mwingine ametoka.

Favre aliletwa Green Bay mwaka 1992 kutoka timu ya Atlanta Falcons, akiwa kijana ambaye wengi hawakumtarajia makuu. Mwezi Septemba mwaka huo mwenye kiti, Don Majkowski, aliumia, Favre akaingia, na tangu hapo hakutoka. Alianza mechi 253 mfululizo za msimu wa kawaida akiwa na timu hiyo, bila kukosa hata moja. Alitawazwa mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, ingawa mara ya mwisho aligawana tuzo hiyo na Barry Sanders. Januari 1997 aliiletea timu ubingwa kwa kuishinda New England kwa alama 35 kwa 21. Wanafunzi wangu wa Madison walikuwa wamezaliwa na kukua wasimjue kwotabeki mwingine. Kwao Favre hakuwa mchezaji tu. Alikuwa sehemu ya hali ya hewa.

Lakini mwaka 2005 meneja mkuu mpya, Ted Thompson, alifanya jambo lililowashangaza wengi. Katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya kutoka vyuoni, alitumia nafasi yake ya kwanza, ya 24 kwa jumla, kumchukua kwotabeki kijana aitwaye Aaron Rodgers. Mashabiki walilalamika. Favre bado ana nguvu, walisema. Ya nini kununua jembe jipya ilhali la zamani bado linalima? Kwa nini asiletwe mlinzi au mshikaji wa pasi atakayesaidia leo?

Rodgers mwenyewe alikuwa na historia inayostahili kusimuliwa kwa wanafunzi wetu. Alipomaliza shule ya sekondari hakuna chuo kikuu chochote mashuhuri kilichomtaka. Alianzia katika chuo kidogo cha Butte huko California, na ni kocha aliyekwenda kumtazama mchezaji mwenzake aliyemwona na kumchukua. Siku ya uteuzi ilidhaniwa kwamba huenda angekuwa wa kwanza. San Francisco wakamchagua mwingine, na kijana akakaa kwa saa kadhaa mbele ya kamera akisubiri jina lake. Kisha akafika Green Bay na kuanza kungoja upya, safari hii kwa miaka mitatu.

Machi 2008 Favre alitangaza kwa machozi kwamba anastaafu. Timu ikampa Rodgers kiti. Julai, Favre akabadili nia, akataka kurudi. Viongozi wa timu walikuwa mbele ya mtihani usio na jibu jepesi. Upande mmoja alikuwapo shujaa aliyetoka kuiongoza timu kushinda mechi 13 kati ya 16 na kufika hatua moja tu kabla ya fainali kuu. Upande wa pili alikuwapo kijana ambaye hakuwa ameanza hata mechi moja ya ligi. Mapema Agosti, katika zoezi la hadhara uwanjani Lambeau, baadhi ya mashabiki walimzomea kijana huyo. Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa amesimama pale alipoambiwa asimame. Siku chache baadaye Favre aliuzwa kwa New York Jets.

Sasa turudi darasani. Wiki ya mwisho ya Novemba mwaka huo niliwapa wanafunzi wangu mdahalo kwa Kiswahili. Mada iliandikwa ubaoni: "Packers ilikosea kumwacha Favre." Sijapata kuona darasa la lugha likichemka namna ile. Vijana ambao wiki iliyotangulia walikuwa wakikwama kwenye ngeli ya KI-VI walitiririka kama maji ya mfereji.

Kijana mmoja alikuja amevaa shati lenye nambari 4, nambari ya Favre. Alisimama akasema, "Mwalimu, mtu hamwuzi baba yake." Darasa lilicheka, lakini yeye hakucheka. Msichana mmoja aliyezaliwa mjini Green Bay akamjibu, "Mwalimu, Favre aliaga. Alilia, sisi tukalia. Mtu akiaga, kiti hakimngoji mpaka achoke kupumzika." Mwenzake akaongeza kwamba kijana aliyengoja miaka mitatu akinyimwa zamu yake siku ya mwisho, hakuna kijana mwingine atakayekubali kungoja tena.

Ushahidi wa wiki hiyo ulikuwa upande wa shati la nambari 4. Jets ya Favre ilikuwa imeshinda mechi 8 na kupoteza 3; Packers ya Rodgers ilikuwa imeshinda 5 na kupoteza 6. Nami, mwamuzi, sikuona sababu ya kuficha nilikoegemea. Niliwakumbusha methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao, nikaupa ushindi upande wa Favre. Nilijiona mwenye busara za wazee.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Mwezi mmoja haukuisha, na Jets ikapoteza mechi 4 kati ya 5 za mwisho, ikakosa hata kuingia kwenye mchujo. Je, nilikuwa nimekosea? Subiri kidogo, msomaji. Packers nayo ilimaliza kwa kushinda mechi 6 na kupoteza 10. Mwaka 2009 Favre akahamia kwa mahasimu wa Packers, Minnesota Vikings, akiwa na umri wa miaka 39, akatimiza 40 msimu ukiendelea. Aliishinda Packers mara mbili, moja ya mechi hizo ikiwa pale pale Lambeau ambako watu waliokuwa wakimshangilia sasa walimzomea yeye. Aliifikisha timu yake hatua moja kabla ya fainali kuu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi? Subiri tena. Tarehe 6 Februari 2011 Rodgers aliiongoza Packers kuishinda Pittsburgh Steelers kwa alama 31 kwa 25 na kutwaa ubingwa, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mara nne: 2011, 2014, 2020 na 2021.

Tazama basi jinsi kipimo chetu kilivyotuchezea. Novemba 2008 wafuasi wa Favre walikuwa wenye hekima. Januari 2009 pande zote mbili zilikuwa za wajinga. Mwaka 2009 hekima ikarudi kwa Favre. Mwaka 2011 ikahamia kwa Rodgers. Uamuzi ulikuwa mmoja tu, uliofanywa siku moja ya Agosti, wala haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni matokeo. Ikiwa tunaupima uamuzi kwa matokeo ya wiki hii peke yake, basi hatupimi kitu. Tunafuata upepo na kuuita fikra.

Swali la haki lilikuwa jingine: siku ile ya Agosti, kwa yale yaliyojulikana siku ile, ni hoja ipi iliyokuwa na uzito zaidi? Hapo ndipo mimi, mwalimu wao, nilipoteleza. Sikuwataka wanafunzi wataje yaliyojulikana. Na yalikuwapo mengi. Ilijulikana kwamba Favre alikuwa akikaribia miaka 39, na Rodgers alikuwa na 24. Ilijulikana kwamba mkataba wa kijana ungemalizika baada ya msimu wa 2009, hivyo kumrudisha benchi kulikuwa na hatari ya kumpoteza kabla ya kumjua. Ilijulikana kwamba Novemba 2007, Favre alipoumia huko Dallas, Rodgers aliingia akapata shabaha katika pasi 18 kati ya 26, dalili kwamba miaka ya kungoja haikupotea. Na kwa upande wa pili, ilijulikana kwamba Favre alikuwa ametoka kwenye mojawapo ya misimu yake mizuri. Hizo ndizo zilizokuwa hoja. Idadi ya mechi zilizoshindwa mwezi Novemba haikuwamo mezani mwezi Agosti.

Naomba nikiri jambo hapa, maana nisipolikiri makala haya yatakuwa mahubiri ya mtu aliyejitakasa. Miaka michache kabla ya safari hiyo nilikuwa mkuu wa idara ya Kiswahili katika shule moja ya sekondari humu nchini. Tuliletewa mwalimu kijana, ametoka chuoni na moto wake, anayeipenda fasihi kuliko chakula. Nilimpa Kidato cha Nne. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka, alama zilikuwa zimeshuka kidogo. Wazazi wakaja juu. Baadhi ya walimu wakanong'ona. Nami, bila kumwita tukae tuyapitie madaftari, bila kuuliza darasa lile lilikuwa na hali gani alipolipokea, nilimpokonya darasa katikati ya muhula na kulirudisha kwa mwalimu mzee mwenye jina.

Mzee alifanya kazi nzuri, na mtihani wa KCSE haukutuaibisha. Nikapongezwa. Lakini mwalimu yule kijana hakuwa yule yule tena. Aliingia darasani na kutoka kama mtu anayelipa deni. Kabla ya mwaka kwisha aliacha ualimu akaenda kutafuta riziki kwingine. Miaka miwili baadaye mzee alistaafu, kama ambavyo kila mtu alijua angestaafu, kwani tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa ndani ya faili. Idara ikabaki bila mtu wa kufundisha fasihi ipasavyo. Madarasa mawili yaliyofuata yalilipa gharama ya pongezi nilizopewa mimi.

Nilipomsikia msichana wa Green Bay akisema kwamba kijana akinyimwa zamu yake hakuna mwingine atakayekubali kungoja, nilipaswa kumkumbuka mwalimu yule. Sikumkumbuka. Nilimkumbuka mwaka 2011, niliposoma gazetini habari za ubingwa ule, nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani. Ama kweli majuto ni mjukuu.

Hata hivyo, sitaki msomaji atoke hapa akidhani ninahubiri kwamba vijana siku zote wapewe viti na wazee wafukuzwe. La hasha. Historia ya timu hiyo hiyo inamkanusha mwenye kusema hivyo. Mwaka 2008, walipompa Rodgers kiti, Packers waliwachukua makwotabeki wengine wawili wa kumsaidia. Brian Brohm alichaguliwa katika raundi ya pili, akitarajiwa makubwa. Matt Flynn alichaguliwa katika raundi ya saba, ya mwisho kabisa. Brohm alishindwa na kuachwa kabla ya misimu miwili kwisha. Flynn ndiye aliyedumu, na tarehe 1 Januari 2012 alipewa mechi moja dhidi ya Detroit akapiga yadi 480 na pasi sita zilizozaa mabao. Seattle ikamchukua kwa malipo mazuri awe kiongozi wao. Je, aliongoza? Hapana. Huko alimkuta kijana mwingine aliyechaguliwa raundi ya tatu, Russell Wilson, akamshinda kwenye mazoezi na kukitwaa kiti. Kipya kinyemi, walisema wahenga, na mara nyingine kinyemi hicho hugeuka kidonda. Wataalamu wanaolipwa mamilioni hukosea, seuze sisi.

Hata mjadala wenyewe haukuisha. Mwaka 2020 meneja mwingine, Brian Gutekunst, alirudia hatua ile ile. Rodgers sasa ndiye aliyekuwa mzee. Timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 13 kati ya 16, na mashabiki walitaka mshikaji wa pasi wa kumsaidia amalizie kazi. Badala yake timu ilisogea hadi nafasi ya 26 na kumchukua kwotabeki Jordan Love wa Chuo Kikuu cha Utah State. Malalamiko ya 2005 yakafufuka neno kwa neno. Na safari hii waliolalamika walikuwa na hoja nzito: Rodgers alijibu kwa kuwa mchezaji bora wa ligi miaka miwili mfululizo, huku timu ikitolewa na Tampa Bay kwa alama 31 kwa 26, ikiwa karibu kabisa na fainali kuu. Nani ajuaye kama mshikaji mmoja zaidi angeziba pengo hilo la alama tano?

Love naye aliketi miaka mitatu. Aprili 2023 Rodgers alikwenda Jets, kule kule alikokwenda Favre. Love alianza vibaya. Baada ya mechi 9 alikuwa ameshinda 3 tu, na wazomeaji walikuwa tayari midomo wazi. Akamaliza msimu kwa ushindi wa mechi 9 na vipigo 8, akaingia kwenye mchujo, na Januari 2024 akaishangaza Dallas kwao kwa alama 48 kwa 32. Nisingethubutu kusema kwamba jambo hilo linathibitisha kuwa uamuzi wa 2020 ulikuwa sahihi. Linathibitisha tu kwamba aliyehukumiwa baada ya mechi 9 alihukumiwa mapema.

Iko sababu nyingine inayoufanya mjadala wa aina hii uwe mgumu kuliko mashabiki wanavyodhani. Kila timu ya ligi ile huruhusiwa kuwa na wachezaji 53 pekee kwenye orodha yake ya msimu, na tangu mwaka 1994 kuna kikomo cha fedha ambazo timu inaweza kulipa kama mishahara. Kwotabeki mashuhuri akilipwa donge nono, fedha hizo zimetoka kwa mlinzi fulani, kwa mshikaji fulani, kwa kijana fulani ambaye jina lake halitajwi. Kwa hiyo anayesema "mbakisheni fulani" hajamaliza sentensi yake mpaka aseme nani atoke. Hii ni nidhamu ambayo ningependa kuiona katika midahalo ya shule zetu, na hata ya wakubwa wetu. Ni rahisi kutaja unachokitaka. Hoja huanza pale unapotaja utakachokiacha.

Jambo la mwisho lililonivutia kuhusu watu wa Green Bay ni umiliki. Mji huo una watu wapatao laki moja tu, na bado una timu katika ligi yenye miji kama New York na Chicago. Sababu ni kwamba tangu mwaka 1923 timu hiyo si mali ya tajiri mmoja. Ni mali ya umma kwa njia ya hisa. Leo wenye hisa ni zaidi ya nusu milioni. Hisa hizo hazileti faida, na hakuna anayeruhusiwa kumiliki zaidi ya 200,000. Msichana wa darasa langu aliniambia kwamba hisa ya babu yake imetiwa katika fremu na kutundikwa sebuleni, karibu na picha ya harusi.

Wamiliki hao huwachagua wakurugenzi na hukutana kila mwaka kusikiliza hesabu. Lakini hawapigi kura kuamua nani awe kwotabeki. Kazi hiyo wamemwachia mtaalamu. Wanaweza kumlaumu, kumhoji, kumnunia, na walimfanyia Thompson hayo yote. Lakini hawakuingia ofisini mwake na kumshika mkono. Nadhani humo mna funzo kwetu sisi wenye shule. Mzazi ana haki ya kuuliza. Mwalimu ana wajibu wa kujibu kwa ukweli na kwa hoja. Lakini mkuu wa idara anayebadili walimu kwa sababu mkutano wa wazazi ulipiga kelele ameiacha kazi yake mikononi mwa wengine. Nasema hivyo nikijua ni nani ninayemsema.

Kwa wenzangu walimu, basi, nina ombi. Mdahalo wa Ijumaa usiishie kwenye mada zile zile kila mwaka, kalamu na upanga, mkulima na daktari. Wapeni wanafunzi uamuzi halisi wa timu wanayoipenda. Wawekeeni mezani yaliyojulikana siku ya uamuzi, mfiche matokeo, kisha muwaulize wangefanya nini na wangemwacha nani. Mtashangaa jinsi mvulana wa dawati la nyuma, asiyefungua kinywa wakati wa isimu, atakavyopima umri, mkataba na majeraha kwa makini ya hakimu. Na wewe mwanafunzi, unapobishana na mwenzako, jifunze kumwuliza, "Ulilijua hilo lini?" Swali hilo moja litaondoa nusu ya ubishi wa duniani.

Kwa wenye vyeo, nasema mrithi huandaliwa mzee angali na nguvu. Watu wa Green Bay walilaumiwa mara mbili kwa kufanya hivyo, na mara zote mbili siku ya kuondoka kwa mkubwa ilipofika hawakukimbia huku na huko wakitafuta mtu. Shule ngapi zetu, vyama vingapi na idara ngapi zinaweza kusema hivyo? Sisi huanza kumtafuta mrithi siku ya karamu ya kumwaga anayeondoka. Na tukishampata, humpa muhula mmoja.

Wala heshima kwa mzee haipotei kwa kumwandalia mrithi. Mwaka 2015 Favre alirudi Lambeau, jina na nambari yake 4 vikatundikwa uwanjani milele, na waliomzomea walisimama kumshangilia. Kijana wangu wa shati la nambari 4 aliniandikia barua pepe siku zile. Aliniambia kwamba bado analo shati hilo, na amenunua jingine lenye nambari 12, ya Rodgers, akalitundika kando yake. Kisha akaniuliza kama bado ninaamini kwamba upande wake ulishinda ule mdahalo.

Nilimjibu kwamba mwamuzi ndiye aliyeshindwa. Halafu nikaketi nikamwandikia barua nyingine mwalimu yule niliyempokonya darasa, ambaye anwani yake niliipata kwa shida. Nilimweleza kwamba alama zile za mtihani wa majaribio hazikuwa hukumu, na kwamba aliyepaswa kulijua hilo ni mimi. Alinijibu kwa mistari miwili. Alisema amenisamehe, na kwamba jioni huwafundisha watoto wa jirani mashairi.